Mbuzi Wangu Waliokufa Nao Wahesabiwe Uwekezaji

Muthama Kiilu,
Bucha ya Karibu Wote,
Noonkopir, Kitengela,
Kaunti ya Kajiado.

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Kuhesabu Wawekezaji wa Kigeni,
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: OMBI LA KUSAJILIWA KUWA MWEKEZAJI WA KIGENI, PAMOJA NA MALALAMIKO YA KUSAHAULIWA

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wanaohesabu pamoja nawe. Sisi huku hatujambo, ila tumefungiwa kiwanda.

Mimi ni mwuza nyama. Bucha yangu inatazamana na lango la kiwanda cha patipati, zile ndala za plastiki za rangi ya samawati ambazo bila shaka unazo bafuni kwako. Mke wangu Kalekye alifanya kazi humo miaka kumi na mmoja, kwenye mashine ya kutoboa matundu ya kupitishia kamba. Mwaka huu kiwanda kimefungwa. Wafanyakazi waliahidiwa kwamba mishahara yao iliyocheleweshwa, pamoja na kiinua mgongo, italipwa mara tu mashine zikiuzwa. Kisha yakaja malori, yakabeba mashine zote, hata ile ya Kalekye, na tukaambiwa zimechukuliwa na mdai wa kwanza. Tukauliza mdai wa kwanza ni nani. Tukaambiwa ni kampuni moja ya ng'ambo. Tukauliza, na mwenye kiwanda je? Tukaambiwa ni kampuni hiyo hiyo.

Tafadhali usidhani nimeandika kulalamikia jambo hilo. Mtu akiona mwenzake ana akili kumzidi, halafu akamlalamikia, huyo ana kijicho. Mimi nimeandika kwa sababu nimelipenda, na nashangaa kwa nini sikuambiwa mapema.

Aliyenifungua macho ni Roy, ndugu ya Kalekye, ambaye alikuwa karani wa hesabu pale kiwandani na sasa ni mteja wangu wa matumbo ya kulipa baadaye. Roy anasema mwenye mali akitaka kuleta pesa nchini kwetu ana njia mbili. Ya kwanza, anaweka mtaji. Biashara ikinenepa anakula, ikikonda anakonda nayo. Ya pili, anajikopesha. Anatoa pesa katika mfuko wake wa kule na kukopesha mfuko wake wa huku, kisha mfuko wa huku unaulipa wa kule riba. Kwa kuwa riba ni gharama, kiwanda hakipati faida, na kwa kuwa hakipati faida hakina kodi ya kulipa wala mshahara wa kuongeza. Njia zote mbili zinaitwa uwekezaji kutoka nje, na zote mbili mnazipigia makofi sawasawa. Roy anasema huu ndio mtindo wa sasa katika nchi ndogo kama yetu: mtaji unapungua mwaka hadi mwaka, na deni la mtu kwa nafsi yake linapanda.

Kisha akaniambia jambo lililonifanya niweke kisu chini. Riba isipolipwa, inabebeshwa juu ya deni, na deni likishanenepa, unene wake unaandikwa kuwa uwekezaji mpya, hata kama haikuingia nchini spana moja. Mwaka ule kiwanda kilipoondoa shifti ya usiku, uwekezaji katika kiwanda hicho ulipanda kuliko mwaka mwingine wowote. Ulitangazwa kwa sifa. Nakumbuka tuliusikia redioni, mimi na akina mama wa shifti ya usiku, wakiwa wamekaa kwenye benchi langu bila kazi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba na mimi ni mwekezaji wa kigeni wa miaka mingi, tena mkubwa, na kwamba nimehesabiwa vibaya. Malalamiko yangu ni haya.

1. Ugeni wangu haujatambuliwa. Nilizaliwa Mbooni, nikaja Kitengela kabla sijaota ndevu. Watoto wangu wanatukanana kwa Kimaasai na kuombana msamaha kwa Kiswahili. Kikamba wanakisikia kwenye mazishi. Hata hivyo, kila uchaguzi ukikaribia, hupita magari yenye vipaza sauti kutukumbusha kwamba sisi ni watu wa kuja. Zamani nilikuwa nikiumia moyo. Sasa nimeelewa kwamba nilikuwa nikipewa cheti, tena bure, mbele ya mashahidi. Mgeni mwenzangu wa patipati alipewa ardhi, akapunguziwa bei ya umeme, akasamehewa kodi miaka kumi, na akakatiwa utepe. Mimi mgeni wa matumbo naletewa kanjo, askari wa kaunti, kila Jumatatu kuuliza leseni iko wapi, na wakiiona wanauliza cheti cha afya kiko wapi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutaja mgeni yupi. Naomba ugeni wangu na wa mwenzangu upimwe kwenye mizani moja, na kama mizani hamna, yangu iko hapa na imepigwa muhuri.

2. Mbuzi wangu hawajaandikwa. Hapa naomba usome polepole, maana ndipo ulipo uwekezaji wenyewe.

Nilikuwa na mbuzi, na mtu wa bucha hana malisho. Kwa hiyo niliwapeleka kwa rafiki yangu Parsaloi, mfugaji wa upande wa Isinya, anitunzie. Makubaliano yalikuwa yale ya kawaida, ya kwetu Mbooni na ya kwao pia. Mtunzaji anakunywa maziwa, na katika wanaozaliwa anapata wake. Mnyama akifa, mtunzaji anakuletea ngozi. Unaikunjua, unaitambua alama, mnakunywa chai, na habari imeisha. Hakuna anayemdai mwenzake, kwa sababu wote wawili mmefiwa.

Ukaja ule ukame uliomaliza mifugo. Parsaloi alikuja Noonkopir na gunia la ngozi, akarudi, akaja na gunia jingine. Safari ya mwisho aliniletea zilizobaki zote, na alikuwa amekonda hata shuka lilimpwaya. Ng'ombe wake mwenyewe walikuwa wamelala wafu kando ya barabara ya Namanga, na ngozi zao hakuwa na mtu wa kumpelekea. Mimi nilifanya nini? Nilimpa pole. Kalekye alimpikia. Tulikunywa chai, halafu nikamsindikiza hadi stendi.

Mheshimiwa, huo ulikuwa ujinga mtupu wa kihesabu. Nilikubali hasara kama mtu wa mtaji, kumbe ningeweza kuwa mtu wa mkopo. Kama Roy angekuwa amekwishanifundisha, ningemwambia Parsaloi kwamba ngozi ni nzuri sana, asante, lakini mbuzi bado wako hai katika makubaliano. Na si hao tu. Wangezaa. Waliozaliwa wangezaa. Nimemwomba Roy apige hesabu tangu ule ukame hadi leo, na amethibitisha kwamba kundi ninalomdai Parsaloi linaweza kujaza uwanda wote kutoka Isinya hadi Tuala, na mabaki yapande Laiser Hill kutafuta nafasi. Ni mifugo ya kisasa kabisa. Hawali majani, hawanywi maji, fisi hawawawezi. Mwaka walipokufa wote ndio mwaka uwekezaji wangu ulipopanda kuliko miaka yote, na ninyi hamkutangaza popote. Nilimtumia Parsaloi ujumbe wa simu kumjulisha ukubwa wa kundi lake jipya. Hajajibu, nami nimechukulia kwamba kimya ni kukubali.

3. Wafanyabiashara wenye fikra za kizamani wanatisha wawekezaji. Namzungumzia Adow, ambaye huniuzia mbuzi wa kuchinja kutoka soko la mifugo. Adow hunipa mnyama leo, nami humlipa nyama ikiisha. Mnyama akiwa na ugonjwa, humpokea tena bila kununa. Nilimweleza kwa adabu kwamba kuanzia sasa bucha yangu ina mdai wa kwanza, ambaye ni mimi, na yeye atalipwa nikishamaliza kujilipa. Adow alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi mwenye kikohozi. Akasema kwao riba ni haramu, halafu akaongeza, "Muthama, mimi nauza mbuzi. Siuzi miaka." Tena akataka kujua, yeye akiwa nyuma ya foleni, nyama ya kesho italetwa na nani. Nilimpelekea Roy swali hilo na Roy akasema katika semina zote alizohudhuria hakuna aliyewahi kuliuliza. Naomba idara itume ofisa wa kumwelimisha Adow. Aje mapema, kwa sababu tangu siku hiyo ndoano zangu zinaning'inia tupu na nauza mifupa ya supu.

4. Nyumba yangu mwenyewe inapinga mageuzi. Baada ya kiwanda kufungwa niliitazama nyumba yangu, nikaona ni uchumi mdogo unaoendelea. Nikaacha kumpa Kalekye pesa za matumizi. Nikaanza kuikopesha jikoni. Naarifu kwa masikitiko kwamba jikoni ni tawi linalopata hasara kila mwezi, kwa sababu kila kinachopikwa kinaliwa. Nilimketisha Kalekye nikamfafanulia kwamba haiwezekani kununua sufuria mpya wakati jikoni ina deni kubwa kwangu. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo lililonipa matumaini. Jioni niliandaliwa ugali na bakuli tupu. Nilipouliza mboga, nikaelezwa kwamba imechukuliwa na mdai wa kwanza. Nilipouliza mdai huyo ni nani, nikaambiwa ni mpishi. Mheshimiwa, sheria ya nchi inasemaje tawi likijifunza haraka kuliko makao makuu?

5. Foleni. Bucha yangu sasa inanidai mimi, nami naidai bucha. Mfuko wa kushoto umekopesha wa kulia, na wa kulia umechelewesha riba, kwa hiyo nimejiandikia barua kali. Bucha ikifa, na kwa mwendo wa Adow itakufa karibuni, naomba ijulikane kwamba wa kwanza kulipwa ni mimi niliyeikopesha. Wa pili ni mimi tena, kwa zile riba. Baada yangu aje mwenye nyumba ya kupanga, halafu kanjo, halafu Adow. Musila, anayenikatia nyama tangu tufungue, na ambaye mwezi uliopita nilimwomba asubiri mshahara kidogo, atasimama nyuma kabisa. Hatakuwa mpweke. Atawakuta pale Kalekye na wenzake wa patipati.

Hapa nitaacha adabu kidogo, kisha nitairudia.

Pesa za Kalekye zilikuwa za paa. Tuna kiploti chetu, tumejenga vyumba viwili, vimefika lenta, juu ya madirisha, bila paa. Vimesimama kwenye lenta miaka minne. Mvua inaingia, mbuzi wa majirani wanalala humo, na kila Jumapili baada ya kanisa Kalekye hupita kuviangalia. Alikuwa akisema kiinua mgongo kikitoka, mabati yanapanda wiki hiyo hiyo. Sasa hasemi, na hapiti. Anarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, na mimi najua ni kwa nini, naye anajua kwamba najua.

Mwanamke huyu ametoboa matundu miaka kumi na mmoja. Vidole vyake viwili havikunjiki vizuri. Hakumkopesha mtu, hakudai riba, alidai jasho lake tu lililochelewa. Akawekwa nyuma ya mtu anayejidai mwenyewe. Na ninyi mlipohesabu, mkaona deni la yule anayejidai, mkaliita uwekezaji na kulitangaza redioni. Deni la kiwanda kwa Kalekye nalo limekua miezi yote hiyo bila kulipwa. Kwa nini hilo halikutangazwa kuwa uwekezaji wa Noonkopir? Kwa hesabu yenu wenyewe, akina mama wale wa kwenye benchi ndio waliowekeza kuliko wote. Inaniuma, Mheshimiwa. Nimejaribu kuiandika kwa njia ya kuchekesha na bado inaniuma.

Sasa nairudia adabu yangu.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Kwanza nipewe cheti cha mwekezaji wa kigeni, pamoja na kodi kusamehewa, utepe na mkasi. Pili, mbuzi wangu waliokufa, watoto ambao hawakuzaliwa na wajukuu wa watoto hao waingizwe katika taarifa yenu ijayo, na isemwe wazi kwamba ukuaji huo umetoka Noonkopir. Tatu, Parsaloi ahimizwe kulipa, au angalau kuendelea kutolipa, maana njia zote mbili zinanifaa. Na mwisho, kama ofisi yenu nayo ina madeni, nawashauri mjidai wenyewe mapema kabla Wakenya hawajawadai.

Nisalimie wote hapo ofisini, kuanzia askari wa langoni, ambaye nadhani na yeye ni wa kampuni ya kukodishwa na anasubiri mshahara. Msalimie mama anayewachemshia chai. Wasalimie wahesabu wakubwa kwa wadogo, na uwaambie wakipita barabara ya Namanga kwenda kupumzika mbugani wasimame kwa Muthama. Kalekye anawasalimu, ingawa hajui nimeandika. Roy anawasalimu na anaulizia kazi. Adow nilimwomba salamu zake akasema ataleta mwenyewe.

Ni mimi, mgeni wenu wa siku zote,

Muthama Kiilu
Mwekezaji

Nyongeza, iliyoandikwa baada ya sahihi:

Mheshimiwa, barua hii ilikuwa kwenye kaunta ikisubiri stempu, na leo asubuhi Parsaloi akaingia buchani. Nilidhani amekuja kubishania kundi. Kumbe ujumbe wangu hakuusoma, simu yake ilishatumbukia kisimani. Alikuja kwa sababu alisikia Isinya kwamba kiwanda cha Kitengela kimefunga, akakumbuka kwamba Mama yule aliyempikia anafanya kazi humo.

Alikuwa na kondoo jike na mwanawe. Amewatembeza kutoka kwake kwa miguu. Akasema majani yamerudi, na yeye ameanza tena, na haiwezekani aanze peke yake. Hakunikabidhi mimi. Alimpa Kalekye kamba mkononi.

Nikauliza tutamrudishia lini. Parsaloi alicheka hadi akashika mlango. Akanieleza kwamba kwa Wamaasai, mtu akikupa kondoo, ninyi wawili hamwitani tena kwa majina yenu. Mnaitana Pakerr, yaani wewe wa kondoo, yeye akuite hivyo na wewe umwite hivyo, hadi mmoja azikwe. Akasema hilo ni jina, na jina halilipwi, huitikiwa. Akamwita kwa jina hilo, na Kalekye akaitikia papo hapo. Halafu akaingia ndani akalia, mara ya kwanza tangu malori yaje.

Kwa hiyo naomba malalamiko namba mbili yafutwe, mbuzi wote wa kutoka Isinya hadi Tuala wafe tena, na cheti nilichoomba msikitoe. Namba tatu ifutwe pia. Nimemlipa Adow, na Musila, kabla ya kujilipa mimi. Namba nne ilikwishafutwa na mpishi. Roy amejaribu kumwandika yule kondoo na ameshindwa, kwa sababu si mkopo na si mtaji. Anasema kwa hesabu za idara yenu, uwekezaji wa Noonkopir umeshuka hadi sifuri.

Katika namba tano ifuteni foleni yangu, lakini ya kiwanda iacheni kama ilivyo. Kalekye na wenzake wa patipati, waliokuja kumwona kondoo, walitaka kujua, na mwenye kiwanda je, wao wamwite nani. Tumeulizana hadi mchana, watu waliomfanyia kazi miaka kumi, kumi na mmoja, wengine tangu lango lipakwe rangi. Hakuna anayejua jina lake. Kama liko kwenye hesabu zenu, tafadhali tutumieni.